Kibuyu Kilichoangikwa Nje

Kitu cha kwanza nilichoacha kilikuwa kibuyu.

Sikukiacha kwa chuki. Siku zilikuwa zimenijaa, basi. Hezekiah alipofungua kesi ya talaka alikuwa tayari anaishi Londiani, kwenye kazi yake ya misitu, na yote aliyokuwa akifanya hapa nyumbani Kabianga yalinigeukia mimi. Mimi ndiye niliyepasua kuni. Mimi ndiye niliyepanda juu kuziba bati linalovuja. Mimi ndiye niliyechuma ile chai yetu kidogo nyuma ya nyumba, kabla haijarefuka na kukataliwa na karani wa majani pale kituo cha kupokelea chai. Hayo yaliongezwa juu ya yale yaliyokuwa yangu tangu zamani: kumwamsha binti yetu Chepkemoi, kumtafutia soksi ya pili, kumfikisha shuleni, kisha kushuka mteremko mbio hadi ofisi ya shamba kubwa la chai ninakofanya kazi. Na katikati ya hayo wakili anapiga simu kutoka mjini Kericho, anataka cheti cha ndoa, au anataka jibu la swali nililokwisha kumjibu juzi.

Siku moja nilifika ofisini nimevaa viatu viwili tofauti, kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Maxine, ambaye tunatumia naye meza moja, alivitazama muda mrefu, akaniuliza kama nyumbani nimeacha jozi nyingine kama hiyo. Baada ya kucheka alivuta kiti karibu. Yeye aliachana na mumewe kule Ahero miaka mingi iliyopita, na huzungumza juu ya talaka kama fundi anavyozungumza juu ya kuezeka nyumba. Aliniambia kwamba mwanamke aliye mahali nilipo hung'ang'ania kubeba kila kitu alichokuwa akibeba, kisha siku moja anamwangusha mtoto ilhali angeweza kuangusha sufuria.

"Ukiamka asubuhi jiulize swali moja tu," akasema. "Leo nikiacha nini, hakuna mtu atalia?"

Jioni ile, nikiwa jikoni, niliangalia huku na huku. Chepkemoi angelia. Chai ya shambani ingelia kwa namna yake. Bosi angelia, tena kwa sauti. Macho yangu yakatua kwenye kibuyu kilichosimama kando ya meko, na nikaona kwamba hicho hakina mdomo wa kulilia. Asubuhi yake nilikitoa nje, nikakiangika kwenye msumari ukutani, chini ya paa, nikakimbilia kazini nikijiona nimekuwa na akili.

*

Kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yenye moshi, ni kazi. Asiyekijua hudhani ni chombo cha kutilia maziwa tu. Kwanza unakisuuza kwa maji moto na kukisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio mwembamba wa ukuti wenye mkono mrefu. Kikishakauka unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma hadi ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza kibuyuni na kuisagasaga ile ncha kwenye kuta, polepole, mpaka ndani kote kuwe na rangi ya usiku. Unakung'uta masizi yaliyozidi. Ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unafunga, unaweka mahali pa baridi, na unasubiri siku kadhaa bila kuchungulia. Kukiwa na vibuyu viwili au vitatu vya kupokezana, kazi hiyo haina mwisho. Kila jioni kuna kimoja kinachokusubiri.

Mimi sikuzaliwa katika mambo hayo. Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, mtoto wa Opondo aliyetoka ziwani kuja kuchuma majani na akazeekea kiwandani. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Kwetu maziwa yalikuwa yale ya ndani ya chai, na chakula kilikuwa omena na ugali, kwa hivyo nilipoolewa nikapelekwa jikoni kwa mama mkwe na kuonyeshwa kile chombo cheusi ndani, niliona kitu kimoja tu: uchafu.

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza Kabianga. Mama mkwe wangu, Mama Phyllis, alikuwa ameenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nami nikataka arudi akute bi harusi si mvivu. Nikachukua vibuyu vyake vyote, vile alivyokuja navyo kutoka kwao Soin alipokuwa msichana, nikavisugua kwa mchanga na kipande cha sabuni mpaka maji yakatoka meupe. Nikavipanga juani. Nilikuwa na furaha sana.

Yeye aliviona, akavirudisha ndani kimoja kimoja. Akavitia moshi upya, akamimina maziwa. Siku zilipotimia walikuja wageni wa kanisa pamoja na mzee Johana, baba mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa hai. Mama akamimina bilauri ya kwanza, akanywa yeye mwenyewe kabla ya wageni, jambo lisilo kawaida yake. Akakaa kidogo akitazama ukuta. Kisha akasema leo wageni watakunywa chai.

Walipoondoka aliniita jikoni. Nilidhani ninafukuzwa. Akanipa bilauri nionje. Sabuni ilikuwa imejificha ndani ya ganda la kibuyu na ikatoka yote pamoja na maziwa.

"Tumbo langu limefuliwa," akasema. "Sasa lianikwe wapi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mguu wa meza, na mimi niliyekuwa nikilia nikajikuta nacheka naye, makamasi na machozi pamoja. Hakumwambia mtu. Hata Hezekiah alikuja kujua baadaye kutoka kwangu. Tangu jioni ile alinifundisha, tukiwa tumeketi magoti yanagusana, yeye akishika kibuyu na mimi kijiti. Ndiye aliyenipa jina la Cheptoo, jina la msichana aliyezaliwa nyumba ikiwa na wageni. Alisema nami nilizaliwa mara ya pili siku wageni walipokosa mursik. Watu wengine wote waliniita Aluoch au Mama Chepkemoi. Cheptoo lilikuwa jina la jikoni, la sisi wawili.

Nikikumbuka miaka ile, hukumbuka harufu kabla ya nyuso. Moshi wa senetwet una utamu mchungu kidogo, unashika sweta na nywele. Hezekiah alikuwa akirudi jioni anasimama mlangoni bila kuingia, anavuta pumzi, anasema sasa amefika. Akinywa, mstari wa kijivu ulibaki juu ya mdomo wake, na mimi nilikuwa nikimwacha nao makusudi mpaka mtu mwingine amwambie. Wakati huo ukiniuliza kwa nini ninampenda ningekuonyesha ule mstari.

Mama alinipa kibuyu kimoja kiwe changu siku Chepkemoi alipozaliwa. Kile chenye shingo iliyopinda kidogo, ambacho yeye mwenyewe alipewa na mamake. Na kila alfajiri, baada ya kukamua ng'ombe wake, alipitisha kopo la maziwa kwenye pengo la ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zetu. Chepkemoi alipoweza kutembea ndiye aliyelipokea. Ilikuwa hivyo hata baada ya Hezekiah kuhama. Ilikuwa hivyo hata baada ya karatasi za korti kufika.

*

Baada ya kukiangika kibuyu nje, maziwa yaliendelea kuja siku chache. Kisha Jumapili moja Hezekiah alikuja kutoka Londiani. Aliingia kwa mamake, akala huko, akamwita binti yake pale uani akampa peremende, akaondoka bila kunisalimia. Jumatatu Chepkemoi alirudi kutoka kwenye ua mikono mitupu. Akasema kogo, yaani nyanya yake, amesema hakuna.

Nikadhani ng'ombe ameugua. Lakini Jumanne nilisikia akikamua, ile sauti ya maziwa yakipiga ndoo, na kopo halikuja. Jumatano vilevile. Nikanunua maziwa ya pakiti dukani. Chepkemoi alikunywa chai nusu kikombe, akakisukuma.

"Haya hayana moshi," akasema.

Nikamwambia anywe upesi, tusichelewe. Nilikuwa nimejifunza kumjibu mtoto bila kumjibu.

Juma lile nilikutana na Mama njiani, anatoka kupeleka majani kituoni, mimi narudi kutoka kazini. Zamani angeniwekea kikapu chake begani akisema nimechelewa kuzaliwa. Siku hiyo aliuliza habari ya kazi. Nikasema nzuri. Akauliza mtoto. Nikasema mzima. Kisha akasema, "Haya, Aluoch," akapita.

Nilisimama pale barabarani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Hakuwahi kuniita Aluoch tukiwa wawili.

Hezekiah nilikwisha kumlilia. Nilimlilia mwaka mzima kabla ya korti, nilipojua kwamba ana mwingine Londiani, na machozi yale yakaisha kama yanavyoisha maji ya tangi. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba hakimu akitia sahihi yake, pamoja na mume ataondoka mama pia. Nilikuwa nimekaa na yule mwanamke miaka mingi kuliko niliyokaa na aliyenizaa. Hilo ndilo lililonitoa usingizini asubuhi kabla ya saa yangu, hilo ndilo lililonifanya nikosee kuandika majina ya wafanyakazi mpaka Maxine akaninyang'anya kalamu.

Kisha Jumanne iliyofuata wakili akapiga simu. Kesi itasikizwa Alhamisi. Akasema, kwa sauti ile ile anayosema habari za mvua, kwamba upande wa pili umetaja mashahidi, na mmoja wao ni mama mzazi wa Hezekiah.

Nikamuuliza atasema nini.

"Jinsi mlivyoishi," wakili akajibu. "Wewe usiogope, jitayarishe tu."

Nilimwambia Maxine. Akaweka kalamu chini. Kisha akaniuliza lile swali lake, ila safari hii aliligeuza: kwa hivyo kesho Jumatano, jambo gani likiachwa, wewe ndiye utakayelia?

Nikajua hapo hapo. Kibuyu cha Soin hakikuwa changu tena, na sikutaka mwenyewe aje kukidai mbele ya watu siku nitakapohama hapo. Nilitaka nikirudishe kwa mikono yangu kabla hatujaketi pande mbili za chumba kimoja. Niliomba ruhusa ya kutoka mapema. Chai ya nyumbani ilikuwa imefikia kuchumwa, nikaiacha. Nguo zilikuwa zimerowekwa tangu juzi; nikaziacha.

*

Kibuyu kilipotoka kwenye msumari kilinitisha kwa wepesi wake. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya shingo. Mvua ilikuwa imekipiga upande mmoja na kuacha doa, na ndani mlinuka kama kabati la marehemu. Huwezi kumrudishia mtu chombo cha mamake kikiwa hivyo. Nikachemsha maji. Nikatoa nyumba ya nyigu vipande vipande kwa sosiot, nikasuuza, nikasuuza tena, nikakiegemeza kando ya moto kikauke. Nikaenda kwenye kichaka cha senetwet kilicho nyuma ya choo, nikakata kijiti, nikakichoma.

Nilikuwa nimesahau. Moshi ule ulipopanda nilikaa chini kwenye kigoda bila kupenda. Miguu yangu yenyewe ilikuwa imekumbuka, ikajipanga kama magoti mengine yako mbele yake.

Sijui ulipita muda gani. Nikasikia michongoma ikitikiswa, kisha kikohozi, kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane kwamba yuko. Mama Phyllis alikuwa amesimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni, mikono ina mavi ya ng'ombe. Alikuwa ametoka zizini bila kunawa. Hakuniangalia mimi. Aliangalia kibuyu.

"Unafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia nakisafisha nimrudishie. Kwamba kesho ni korti na sikutaka aje akiulizie.

"Nani amekuambia nakitaka?"

Nikaendelea kusagasaga kaa ndani, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Akaingia. Akanawa mikono kwenye karai langu, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akavuta kigoda cha pili. Alipoketi magoti yake yaligusa yangu.

"Ulikiangika nje," akasema. "Mimi nikapita nikakiona. Nikasema kesho atakitoa. Kesho nikakiona tena, mvua inakipiga. Huko kwetu Soin mwanamke akitoa kibuyu cha mama mkwe nje kwa mvua, anasema nini?"

"Mama, mimi sikuwa nasema kitu. Nilikosa muda."

"Mimi nilisikia umesema." Akasogeza ukuni motoni. "Nikajiambia, huyu ameshaenda, mwili tu ndio umebaki. Sasa nitaleta maziwa kwa nyumba isiyo na kibuyu, uyatie wapi? Halafu nikaona pakiti kwa takataka. Nikasema haya, ni kweli."

Nikamwambia pakiti ilikuja baada ya kopo kukosa. Nikamwambia kopo lilikosa baada ya Hezekiah kuja kula kwake, na mimi nikahesabu moja na moja. Nikamwambia habari ya wakili na majina ya mashahidi. Maneno yalitoka ovyo, na kijiti kikazimika mkononi mwangu.

Alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akachukua kijiti, akakirudisha motoni, akapuliza.

"Hiyo Jumapili alikuja kuniambia niende korti," akasema. "Nikamuuliza, niende kusema nini? Akasema niseme vile umenisumbua. Nikamwambia sabuni peke yake ndiyo nakumbuka." Hapo mdomo wake ukacheza kidogo, kisha ukatulia. "Sikiza, Cheptoo. Siku ile ya kukuomba tulikuja kwa baba yako watu sita. Mvua ilitunyeshea mpaka laini, mimi nikakaa kitandani kwa sababu viti viliisha. Watu sita. Aliyeenda korti ni mmoja."

Nikachukua kijiti motoni, nikasagasaga tena.

"Na unasugua kama unaosha sufuria," akaongeza, akininyang'anya kibuyu. "Leta hapa. Shika huo moto."

Tulimaliza jua likiwa bado juu ya miti. Akatoka, akarudi na maziwa, yamechemshwa, yamepoa. Alimimina yeye, nikafunga mimi. Chepkemoi aliporudi shuleni alisimama mlangoni na begi mgongoni, akavuta pumzi, vile vile kabisa alivyokuwa akifanya babake, na sisi wawili tulitazamana, kila mtu akaangalia pengine.

*

Alhamisi Mama alimchana mtoto nywele na kumpeleka shule, nami nikaenda Kericho nikiwa nimevaa viatu vya jozi moja. Hakuenda kuwa shahidi. Wakili wa upande wa pili alisema mama amepatwa na udhuru. Nilijua udhuru wenyewe ulikuwa ng'ombe, wale watu sita na neno lake.

Tulisubiri kwenye baraza, mimi kwenye benchi moja, Hezekiah kwenye nyingine. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipita mbele yangu kwenda kuongea na wakili wake, akasimama ghafla. Nilikuwa nimevaa sweta la jana, sikuwa na lingine lililokauka.

"Umetia kibuyu moshi," akasema. Haikuwa swali.

"Jana," nikasema.

Alibaki pale akinusa, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa mlangoni, wa mtu aliyefika. Nilimtazama juu ya mdomo, mahali pa ule mstari wa kijivu. Palikuwa safi. Nilimhurumia, na nilijihurumia, na haikubadilisha kitu. Tulipoitwa ndani hakimu aliuliza kama kuna njia ya kurudiana. Hezekiah akasema hapana. Nami nikasema hapana.

Sasa tunakaa laini, mimi na Chepkemoi, nyumba chache tu kutoka ile nilimozaliwa. Kazi ni zile zile, ila zimepungua kwa kuwa sina chai ya kuchuma wala bati la mtu la kuziba. Asubuhi bado najiuliza swali la Maxine, na mara nyingi jibu huwa ni kufagia. Kibuyu kiko ndani, kando ya jiko, na hakijawahi kulala nje tena.

Kila Jumamosi tunapanda kilima kwenda Kabianga kukijaza. Tukifika Mama huwa ametandika vigoda viwili, na mara zote anasema Cheptoo umechelewa, hata tukiwa tumewahi. Anakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kabla ya kumimina hukiinua, anafumba macho na kunusa mdomo wake kwa muda mrefu, Chepkemoi akimtazama na kuuliza kila mara kogo anatafuta nini.

"Sabuni," anamwambia.